Hata Hewa Hulipa Nauli: Hesabu ya Kuvusha Mzigo Busia

Mnanisikia huko nyuma? Sawa. Mama mmoja hapa mbele ameniambia ati lori la Kisumu hadi Jinja kule Uganda ameitishwa shilingi elfu 30 za Kenya, akagawa na idadi ya bidhaa zake, akajua bei ya kusafirisha. Mama yangu, hiyo ni nauli tu, gharama bado haijafika.

Safari yangu ya kwanza nilibeba mitungi ya plastiki ya lita 20, mitungi 600, nauli elfu 30, kwa hivyo 50 kwa kila mtungi. Tofauti ya kununua na kuuza ilikuwa 80 kwa mtungi, nikaona hapa nimeomoka. Lori likajaa mpaka turubai likagoma kufunga, lakini kwa mizani halikuwa na kitu, maana mtungi ni hewa imezungushiwa plastiki, na mwenye lori anauza nafasi hajali umeijaza na nini. Siku hizi nabeba ndoo. Ndoo inaingia ndani ya mwenzake, mtungi hauingii popote.

Busia, pale mpakani, tulifika saa tisa mchana. Tangu kile kituo cha pamoja kizinduliwe 2018, ukitoka Kenya unapita moja kwa moja hadi upande wa Uganda na maafisa wa nchi zote mbili unawapata hapo, yaani unasimama mara moja badala ya mbili. Kazi rahisi kabisa kama karatasi zako zinaelewana. Zangu zilikuwa zimekosana: invoisi mitungi 600, pakingi listi, ile karatasi ya vitu vilivyopakiwa, 580, kwa sababu kijana wa stoo aliongeza 20 asubuhi na hakuna mtu alikumbuka kubadilisha hiyo listi. Tukalala usiku mbili. Lori likilala, mwenyewe analipwa, 7,500 kila usiku, hiyo ni 25 kwa mtungi. Ajenti wa kliaringi, yule wa kukupitishia karatasi za forodha, naye elfu 9, na simu hakuwa anashika, 15 nyingine hapo. Jumlisheni. 90! Yaani niliwapelekea watu wa Jinja mitungi na shilingi 10 juu ya kila mtungi kama asante ya kununua, na hapo VAT ya Uganda, ile kodi ya mauzo ya 18%, mteja wangu ndiye alilipa, la sivyo ningelia mimi.

Kuhusu VAT wengi mnachanganyikiwa. Mtu anasikia Afrika Mashariki hakuna ushuru anadhani anapita bure. Ushuru wa forodha ndio huondolewa, na ni kama una cheti cha asili kuonyesha bidhaa imetengenezwa kwa jumuiya yetu. Bila hicho cheti unahesabiwa kama mtu anatoa mzigo ng'ambo, bidhaa nyingi zilizo tayari kutumika ni 25%, na kuna zingine tangu Julai 2022 zinalipa 35%. VAT inabaki, kama bidhaa yako ni ya kulipiwa.

Sasa wenye mzigo mdogo, hii ndio yenu. Kama mzigo wote hauzidi dola 2,000, umetoka kwa nchi za jumuiya, na bidhaa iko kwa ile orodha ya pamoja iliyokubaliwa na nchi hizo, kuna cheti rahisi unajaziwa hapo mpakani, bure, na ajenti hauhitaji. Mimi nilirudi na maharagwe ya chini ya hiyo pesa na nikalipa ajenti tena, maana hakuna mtu aliniambia na mimi sikuuliza. Cheti cha afya ya mimea lakini usiache, na ukibeba mahindi kumbuka ile Machi 2021 Kenya ilivyoyazuia juu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, sasa lazima yapimwe, sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hayo maharagwe ndiyo yaliniokoa, maana lori lilikuwa linarudi tupu na nikapewa bei ya kuonea huruma. Kwa hivyo mama, kabla ujibu huyo wa elfu 30, muulize kwanza hiyo ni ya kwenda peke yake ama na kurudi, na wakilala Busia nani analipa. Ndio, wewe wa leso ya kijani, uliza.