Fedha Ilipotoka Ndani ya Fedha

Mabibi na mabwana, kwetu sisi neno fedha ni madini, na ni pesa pia. Jioni hii nataka tuone jinsi makaisari wa Roma walivyozitenganisha hizo mbili, kidogo kidogo, kwa miaka mia mbili hivi.

Sarafu yenyewe mnaijua. Vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo walipatana na tajiri wao kutwa dinari. Basi ndiyo hiyo, denarius ya Warumi. Jina likapita kwa Waarabu hadi kwetu.

Enzi za Augustus, ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84, za fedha karibu tupu. Mwaka 64, ule ambao Roma iliungua, Nero akaanza kutoa 96 kwa ratili ileile, na shaba akaongeza. Septimius Severus, mtu wa askari, aliwapandishia mshahara, na cha kuwalipa akakipata ndani ya sarafu zenyewe: kufikia mwaka 195, karibu nusu ilikuwa shaba.

Lakini anayenichekesha mimi ni mwanawe, Caracalla. Mwaka 215 alitoa sarafu mpya. Kaisari kavaa taji lenye miali ya jua badala ya shada la majani, na wataalamu wengi wanasema miali hiyo ilimaanisha "hii ni dinari mbili". Haya, iweke kwenye mizani: fedha iliyomo ni ya dinari moja na nusu. Nusu iliyobaki ni miali!

Sasa tazameni picha hii. Ni sarafu ya Gallienus, ya miaka yake ya mwisho. Anauawa mwaka 268. Fedha haifiki asilimia 5. Mng'ao umebaki mle kwenye vibonde vya herufi tu. Shavuni na kwenye nywele, palipoinuka, vidole vya watu vimeshaulamba, na wekundu wa shaba uko nje. Mwenye dinari ya zamani aliizika chunguni. Hii ndiyo aliyokwenda nayo sokoni.

Mwaka 274 Aurelianus akapiga kwenye sarafu zake alama XXI, ambayo wengi huisoma hivi: shaba 20, fedha 1. Angalau huyo alisema. Ila askari walikuwa wameshazoea kupokea sehemu kubwa ya ujira wao kwa nafaka na nguo, na zawadi kwa dhahabu.