Trekta la bustani na boti ya Nahodha

NAHODHA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Leo tupo gerejini kwa Fundi, hapa hapa Nungwi. Mkisikia nyundo msishituke, vijana wanachapa bodi la daladala. Fundi, nikuulize bila kuzunguka: ile mashine yako ya kukatia nyasi ndiyo iliyotaka kuniua?

FUNDI: Waaleikum salaam. Wewe ilitaka kukuua vipi? Ulikuwa chini ya mvinje unapiga kelele. Aliyekuwa juu ya kiti ni mimi.

NAHODHA: Nilikuwa natoa amri, yakhe. Haya, waeleze watu ni kitu gani hicho, maana wakisikia trekta wanafikiri yale ya kulimia mpunga Cheju.

FUNDI: Hili ni dogo, linanifika kiunoni. Cub Cadet 122, la Kimarekani, la miaka ya 1960. Lilikuja na kontena la mitumba, mwenyewe akalitumia kidogo likamchosha, likakaa chini ya mwembe hadi kuku wakatagia kwenye kiti. Nimelinunua kwa bei ya chuma chakavu. Injini yake ni Kohler, silinda moja, nguvu ya farasi 12.

NAHODHA: Farasi 12, halafu ukaniambia utaipandisha boti yangu ufukweni!

FUNDI: Na ilipanda, haikupanda?

NAHODHA: Ilipanda. Mara ya tatu.

FUNDI: (anacheka) Sikiliza. Kule Marekani haya matrekta wanashindania. Wanafunga sleji nyuma, yaani chombo cha kuburuzwa, juu yake kuna sanduku la vyuma, na kadiri trekta linavyokwenda sanduku linasogea mbele, sleji inazidi kulemea mpaka trekta linasimama. Kwa matrekta makubwa, atakayefika futi 300 kamaliza uwanja, hiyo ni kama mita 91. Sasa hawa wa madogo wanaipenda Cub Cadet kwa sababu moja: giaboksi yake ya nyuma imetokana na ya Farmall Cub, trekta la shamba hasa. Mwili wa mtoto, mifupa ya mtu mzima. Mimi nilipoliona chini ya mwembe sikuangalia injini kabisa, nililala chini nikaangalia nyuma.

NAHODHA: Na injini hukuigusa?

FUNDI: Nimesafisha kabureta, nimebadilisha oili, basi. Vijana wangu walitaka tuing'oe gavana ile inayoizuia isipite mizunguko 3,600 kwa dakika. Nikawaambia asiguse mtu. Konrodi ya injini hii, ule mkono unaoshika pistoni, ni ya aluminiamu, na flaiwili yake, lile gurudumu zito la injini, ni ya chuma cha kusubu. Ukiizungusha kupita kiasi flaiwili inapasuka, vipande vinaruka kama risasi, na wewe umekaa nyuma yake. Wenzetu wanaoshindana wanatia flaiwili ya feleji ya kuchongwa na kuizungushia ngao. Mimi sina hizo, na boti yako haikimbizwi na mtu.

NAHODHA: Haya, tuje kwenye ile siku ya kwanza. Usipite juu juu.

FUNDI: Siku ya kwanza kosa langu. Nilifunga mnyororo juu, kwenye chuma cha nyuma ya kiti, kwa sababu palikuwa na tundu tayari. Boti ikagoma, tairi zikashika mchanga zikasimama. Sasa fikiria: injini inazungusha, magurudumu hayazunguki, nguvu iende wapi? Inaligeuza trekta lenyewe kulizunguka ekseli. Pua ikanyanyuka, nikaona mbingu.

NAHODHA: Na mimi nikaona tumbo la trekta. Nikasema leo Fundi anakwenda na maji.

FUNDI: Nilikanyaga klachi likaanguka chini, puu! Mtu akifunga mzigo juu ya ekseli anajivutia kaburi. Nikachomelea kipande cha chuma cha chaneli chini, ndoano ikae chini ya ekseli. Lakini usiishushe mpaka mwisho. Ikiwa chini ya ekseli kidogo, mnyororo unapokazana unazikandamiza tairi za nyuma, unapata uzito wa bure. Ndiyo maana kule kwenye mashindano urefu wa ndoano kutoka ardhini unapimwa kwa futi ya chuma kabla mtu hajavuta.

NAHODHA: Na pua ukaitia nini?

FUNDI: Tutafika huko. Siku ya pili pua ikatulia, ila kukalia mtwaaa! Trekta linanguruma haliendi. Ni pini ya shafti, ile nyembamba ya kukunjwa kama karatasi, imekatika. Na sahani ya klachi inateleza, inanuka kama ugali ulioungua. Pini nikatoboa upya nikatia ya chuma kigumu zaidi. Klachi yake ni ya springi moja nzito kwenye shafti, ukitia ngumu zaidi haitelezi, ila mguu wako utajua. Mimi sasa natumia miguu miwili.

NAHODHA: Kwa hiyo utakunywa maji ya kuchemsha usiku kwa maumivu.

FUNDI: Nshazoea. Lakini kilichobadilisha mambo ni tairi. Haya matairi ya nyuma ni ya meno, yale ya kilimo, nikayajaza maji robo tatu. Kila moja limekunywa karibu ndoo mbili za lita 20. Lita ya maji kilo moja, hesabu mwenyewe.

NAHODHA: Karibu kilo 80 kwa mawili. Bahari iko pale, ukaenda kuchota ndoo kisimani!

FUNDI: Maji ya chumvi yanakula rimu, Nahodha. Kule kwenye barafu wanatia chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, na wao wanalia na rimu zinazooza. Sisi baridi hatuna, kwa nini tujitafutie kutu? Kisha nikapunguza upepo ili tairi lilale kwenye mchanga. Hapo nikapata somo jingine: nilipunguza mno, rimu ikazunguka ndani ya tairi, valvu ya tyubu ikang'oka, maji yote chini. Kisima, ndoo, tena.

NAHODHA: Sasa niseme na mimi, maana hapa Fundi atajichukulia sifa zote. Mara ya tatu nilikuja na kapi.

FUNDI: Kweli.

NAHODHA: Baharini huinui foromali, ule mti wa tanga, kwa ubavu mtupu, unatafuta kapi. Nikafunga ncha moja ya kamba kwenye shina la mvinje, ikapita kwenye kapi iliyofungwa kichwani mwa boti, ikarudi kwa trekta. Kapi inayotembea na mzigo inakupa nguvu mara mbili, ukitoa msuguano, ila trekta liende mita mbili boti ipande moja. Na tulingoja bamvua, maji yalipojaa hadi juu ndipo boti ikasogezwa. Umbali uliobaki ulikuwa mfupi.

FUNDI: Ukikaza kamba hivyo, watu wasisimame karibu nayo. Ikikatika inachapa. Nilimfukuza mtoto mmoja mara nne.

NAHODHA: Watano walikuwa. Halafu nimeona fremu yako imeungwa pembeni.

FUNDI: Bati lile la ubavuni lilianza kujikunja pale ndoano inapovuta, nikachomelea vyuma vya engo pande zote mbili mpaka mbele. Ukiongeza uzito na tairi zikashika, kile kilichokuwa kinateleza hakitelezi tena, kwa hiyo kitakachovunjika ni kinachofuata. Kwanza pini, halafu klachi, sasa fremu. Zamu ya ekseli inakuja, naisubiri.

NAHODHA: Na pua, Fundi. Umesema tutafika.

FUNDI: Ah.

NAHODHA: Nanga yangu ya zamani imo mbele ya trekta lako tangu siku ya pili. Uliniambia unaiazima.

FUNDI: Ilihitajika kilo mbele, na nanga ilikuwa imelala pale mlangoni. Inakaa vizuri sana, utadhani imetoka nayo kiwandani.

NAHODHA: Jumatano nakwenda Tumbatu. Ifungue, nije kuichukua.

FUNDI: Haifunguki, yakhe. Nimeichomelea.