Tope Linakwenda Wapi? Mhadhara kwa viongozi wa umoja wa wakazi juu ya kusafisha mitaro kabla ya masika

Ndugu viongozi wa umoja wa wakazi, wenyeviti wa mitaa mliofika, mabalozi, mama zetu wa kamati za afya na vijana wa vikundi vya usafi, asanteni kwa kuitika. Leo tunazungumza jambo moja tu: mitaro yetu ya Dar es Salaam, na namna mtaa unavyoweza kuiandaa kabla mvua za Machi hazijaanza.

Mitaa mingi huanza mahali pasipo. Tangazo linatoka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanajitokeza na majembe, wanachimba tangu saa moja hadi saa nne, tope linarundikwa ukingoni, picha zinapigwa, watu wanarudi nyumbani. Rundo lile linakaa hapo wiki tatu. Mvua ya kwanza ya maana ikishuka, linarudi ndani ya mtaro lilimotoka, na mara nyingi linarudi pamoja na mifuko na chupa zilizotupwa juu yake katika hizo wiki tatu. Nguvu za watu mia zimepotea, na mbaya zaidi, safari ijayo ukiwaita hawaji. Kwa hiyo ombi letu kwenu ni hili: msiitishe siku ya kuchimba kabla hamjajua tope litabebwa na gari gani, litamwagwa wapi, na nani analipa. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na kupima, maana bila kipimo hamwezi kuagiza gari. Watu wawili wanatosha. Wachukue futi ya mita 5, kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa mita moja na nusu, daftari na simu ya kupigia picha. Wapite mtaro wote, na kila baada ya mita 20 wasimame na kuandika mambo matatu: upana, kina kutoka ukingoni hadi juu ya tope, na kina kutoka ukingoni hadi chini kabisa. Hicho cha tatu mnakipata kwa kuzamisha nondo mpaka igonge zege au mawe. Tofauti ya vile vina viwili ndiyo unene wa tope. Asubuhi moja inatosha kupima mtaro wa nusu kilomita. Mkitaka ramani ya kuandikia vipimo, mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora mitaa ya jiji hili mwaka 2015 pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe. Kazi hiyo iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, bila malipo, na mitaro mingi imo.

Sasa hesabu. Chukueni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, uliojaa tope hadi nusu, urefu mita 100. Andikeni hivi: 0.6 mara 0.3 mara 100, mnapata mita za ujazo 18. Mchanga wenye maji una uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo pana zaidi ya tani 30. Tipa la Fuso linalobeba mita 5 litakwenda safari nne. Kwa toroli linalochukua lita 50 ni safari 360. Mtu mwenye afya njema, kwa saa tatu za asubuhi, hutoa karibu mita moja ya ujazo ya tope bichi, si zaidi. Maana yake mita 100 zinahitaji wachimbaji kama 18, na wabebaji wasiopungua idadi hiyo. Mtaa ukijitokeza na watu 40, msiwapangie mita 400 eti kazi ionekane kubwa. Wapeni mita 100 waimalize, tope lipakiwe, waondoke wakiona mtaro mtupu.

Na kwa nini hilo tope la nusu ni hatari kuliko linavyoonekana? Mtaro huo niliousema, ukiwa msafi na mteremko wake ukiwa sentimita 5 kwa kila mita 10, unapitisha karibu lita 350 kwa sekunde. Ukijaa nusu haupitishi nusu ya hizo. Unapitisha karibu lita 140, kwa sababu maji yakiwa na kina kidogo yanasuguana zaidi na kuta na sakafu, mwendo wake unapungua. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ikinyesha kwenye hekta moja ya mabati na sakafu za saruji, inaleta karibu lita 140 kwa sekunde. Kwa hiyo mtaro uleule uliojengwa kuhudumia hekta mbili na nusu za nyumba, ukijaa nusu unahudumia moja. Maji ya zile zilizobaki yanaingia vyumbani.

Siku ya kazi anzeni chini, kule mtaro unakomwaga maji yake, mpande kuelekea juu. Hili linabishaniwa sana kwa sababu watu wa juu ndio hujitokeza kwanza. Mkianzia juu, maji yaliyotuama yanafunguliwa yote kwa pamoja na kusukuma tope laini kwenda kwa wenzenu wa chini, mkifika kwao mnakuta limeongezeka. Mkianzia chini, kila mita mnayofungua inawakaushia inayofuata. Na kama mwisho wa mtaro wenu uko mtaa mwingine, mwenyekiti wenu akae na mwenyekiti mwenzake mapema. Maji ya Kimara hayaulizi mpaka wa mtaa yanapoteremka kuelekea bonde la Msimbazi.

Vifaa: kwa watu 40 tafuteni mabeleshi 15, majembe 5, sururu 3, reki 4 na matoroli 8. Mnachosahau mara nyingi ni viroba. Kiroba cha kilo 50 kijazwe nusu tu, maana kikijaa tope bichi kinakaribia kilo 90, hakuna wa kukinyanyua na kitapasukia mikononi. Taka za plastiki zitengwe na tope tangu mwanzo, viroba vyake peke yake. Dereva wa tipa akikuta mchanganyiko anakataa au anapandisha bei, na dampo la Pugu ni mbali.

Gambuti na glavu nene si za viongozi peke yao. Ndani ya mitaro yetu mna vioo, misumari, sindano na kinyesi. Mwenye kidonda mguuni asishuke, apewe reki au toroli. Kuna ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya, leptospirosi, ambao huingilia kwenye mikwaruzo. Homa ikianza siku chache baada ya kazi, mgonjwa amwambie daktari kwamba alikuwa mtaroni. Maji safi ya kunawia na sabuni yawepo palepale, tena kabla ya chai, si baada yake.

Kalvati na mitaro iliyofunikwa vina taratibu zao. Mtu asiingie. Narudia kwa vijana: asiingie hata kama ni mwembamba, hata kama ni dakika mbili. Tope linalooza mahali pasipopita hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na ikiwa nyingi pua huacha kuisikia kabisa; mtu anaanguka, anayemfuata kumwokoa anaanguka naye. Fungueni mifuniko ya pande zote mbili, acheni hewa ipite. Kisha sukumeni fito ndefu zilizoungwa hadi zitokee upande wa pili, fungeni kamba nene kwenye ncha, na katikati ya kamba fungeni ndoo ya chuma iliyokatwa nusu. Watu wanne upande huu, wanne upande ule, wanavuta kwa zamu, ndoo inaingia tupu na kutoka na tope. Kalvati la kipenyo cha sentimita 60 chini ya barabara ya mtaa hukamilika kwa njia hii ndani ya nusu siku. Kama fito hazipenyi kabisa, huenda bomba limevunjika ndani, na hiyo si kazi ya msaragambo tena. Iandikeni, tutaizungumzia mwishoni.

Mifuniko ya zege inyanyuliwe kwa nondo mbili zilizopindwa ndoano, si kwa vidole. Na irudishwe jioni ileile, maana usiku watoto wanapita.

Baada ya kuzoa, jiulizeni mchanga ule umetoka wapi. Sehemu kubwa hutoka kwenye barabara zisizo na lami na kwenye rundo za mchanga wa ujenzi zinazomwagwa kando ya mtaro. Hapa umoja wa wakazi una uwezo kuliko ofisi yoyote, kwa sababu mnamwona fundi siku anayoshusha lori. Mwambieni rundo likae mita 2 au zaidi kutoka ukingoni na lizungushiwe tofali kozi mbili upande wa mteremko. Tofali ni zake, yuko nazo tayari, hagharimiki chochote.

Wengi wenu mmeomba tuzungumzie wavu wa nondo wa kuzuia taka. Ni kitu kizuri kikitunzwa, na ni bwawa kisipotunzwa. Wavu usiwekwe kwenye mdomo wa kalvati. Uwekwe mita chache kabla yake, mahali mtu anaweza kusimama kwa usalama na kuvuta taka. Nondo ziachane sentimita 5 na ziinamie mbele, kufuata maji, ili taka zipande juu badala ya kuganda chini. Kila wavu uwe na kaya moja iliyokabidhiwa reki na jukumu, kaya ya pili ikiwa msaidizi. Kama hamna kaya ya kukubali, msiufunge.

Jambo la vyoo nalo lisemwe bila kuzunguka. Kila masika kuna wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo mtaroni. Kinyesi kile kinateremka hadi vyumbani na visimani mwa watu wengine, na kipindupindu kinafuata njia hiyohiyo. Kukemea kwenye kikao hakujawahi kutosha, maana anayetapisha mara nyingi hana fedha ya gari la kunyonya. Nendeni Januari, orodhesheni vyoo vilivyojaa, kaya nne au tano zichange safari moja. Kule gari lisikofika, watafutwe wenye pampu za mkono, wapakie kwenye mapipa yaliyofungwa. Baada ya hapo atakayetapisha apelekwe kwa bwana afya, na hapo mtakuwa na haki ya kumpeleka.

Mbu pia. Maji machafu yaliyotuama mtaroni yanazalisha mbu wa kuleksi, ambaye hapa Pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha. Mbu wa dengi yeye anapenda maji safi ya kwenye ndoo, matairi na vifuu, kwa hiyo kusafisha mtaro pekee hakumwondoi. Siku ya mtaro mpite pia uani.

Fedha. Gari ndilo gharama kubwa, basi mchango utangazwe kwa jina lake: wa gari. Kabla ya kuchangisha, pateni bei kutoka kwa wenye magari wawili au watatu, kwa maandishi, kwa safari na si kwa siku. Dereva anayelipwa kwa siku hana haraka. Fedha zipokelewe na mtu mmoja, ziidhinishwe na wawili wengine, na jioni ya siku ya kazi hesabu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp: zilizoingia, safari ngapi, zilizobaki. Mkichelewa wiki moja, maneno yanaanza.

Kuhusu kutumia tope lenyewe: lisipelekwe bustani za mchicha na matembele, lina kinyesi na mafuta ya magari. Lisiuzwe kwa mafundi wa plasta pia. Lina udongo laini na uozo, saruji haishiki, ukuta utapukutika.

Kalenda basi. Januari pimeni na kuorodhesha. Februari, mkishasikia mwelekeo wa masika kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, chimbeni, gari liwepo siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Kati ya Machi na Mei hakuna kuchimba kwa watu wengi. Ni ukaguzi baada ya kila mvua kubwa, watu wawili, wavu na midomo ya kalvati. Mvua ikiwa bado inanyesha mtu asishuke mtaroni hata kidogo. Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua watu zaidi ya 40, na waliokuwa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Maji ya kufika magotini yakiwa na mwendo yanamwangusha mtu mzima.

Imebaki mitaro iliyovunjika na makalvati yasiyopenyeka. Kwanza jueni ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukiandika kwa asiyehusika, barua inazunguka mpaka masika yanakwisha. Barua iwe ukurasa mmoja: jina la mtaa na kata, barabara, umbali kutoka kitu kinachojulikana kama shule au soko, urefu wa sehemu iliyoharibika kwa mita, upana na kina, nini kimevunjika, picha mbili zenye tarehe, na mlichokwisha kufanya wenyewe, ikiwemo idadi ya safari za gari. Mhandisi akiona vipimo anaweza kuanza makadirio palepale mezani. Ipitie kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke. Ifikishwe wakati halmashauri inapokusanya vipaumbele vya bajeti, miezi kadhaa kabla ya Julai mwaka wa fedha unapoanza. Mkipeleka Aprili, maji yakiwa yamefika dirishani, mtapewa pole na kuambiwa msubiri bajeti nyingine.