Nani Kaipiga Picha Hii ya Vita?

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Tarehe 3 Desemba 2003, katika mji huu wa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusishwa na uanzishaji wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Naitaja hukumu hiyo kwa sababu redio ile, pamoja na uovu wake wote, ilikuwa na wenyewe, na kanda za matangazo yake ziliwekwa mezani zikasikilizwa.

Picha ya vita inayotufikia leo kwa WhatsApp mara nyingi haina mwenyewe. Mtandao huo huondoa ndani ya picha taarifa za mahali na saa ilipopigwa, na kinachobaki ni maneno ya aliyeituma, ambaye naye katumiwa na mwingine. Vipande vya Arma 3, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Bohemia Interactive ya Ucheki, vimesambazwa mara nyingi kama mapigano halisi ya Ukraine, hata Novemba 2022 kampuni yenyewe ikalazimika kutaja dalili za kuvitambua: ubora hafifu, kamera inayotikisika, giza, ukosefu wa sauti na wa watu wanaotembea. Kinachonisumbua ni kwamba kamera ya kutikisika gizani ndiyo hasa humfanya mtazamaji aamini kwamba mpigapicha alikuwa hatarini.

Hata hivyo, kwa maoni yangu uongo si tatizo kubwa kuliko ukimya. Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilipoanza Novemba 2020, simu na intaneti zilikatwa, na wengi wetu, tuliozoea kupima ukubwa wa vita kwa wingi wa video, tuliviona vidogo, ilhali ni miongoni mwa vita vilivyoua watu wengi zaidi katika karne hii.

Huko El Fasher, Sudan, Oktoba 2025, mawasiliano ya wakazi yalikuwa yamekatika, lakini wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, walijirekodi wakiua raia, kisha wakazisambaza video hizo wenyewe. Mengi tuliyoyaona siku zile za mwanzo yalichaguliwa na mtu aliyeshika bunduki na simu kwa pamoja, naye alitaka kutisha na kujitapa, na katika kuzieneza alisaidiwa hata na waliozituma kwa huruma.