Pumzi ya Bondia Huanzia Kwenye Kutoa

Mabondia wenzangu, makocha, asanteni kwa kuja. Kabla sijasema lolote, kila mmoja akunje ngumi zote mbili na akaze kwa nguvu zake zote. Kazeni. Bado, msiachie... Haya, achieni. Wangapi mlikuwa mnapumua? Naona mnatazamana. Karibu nyote mlibana pumzi, na hakuna aliyewaambia mbane. Ndivyo mwili ulivyo, ukikaza misuli na koo nalo linajifunga. Ulingoni jambo hilohilo linakutokea kila unaporusha ngumi, dakika 3 nzima, na wewe huna habari.

Bondia akikata pumzi tunamwambia akakimbie zaidi. Mara nyingine ni kweli. Lakini nimewaona vijana wanaokimbia kilomita 10 bila taabu, wakaishiwa raundi ya pili. Mapafu yao ni mazima, tatizo hawatoi hewa. Ile kiu ya kuvuta pumzi huletwa hasa na kaboni dioksaidi inayojaa kwenye damu. Ukivuta tena juu ya kifua ambacho hujakipunguza, mabega yanapanda, mikono inakuwa mizito. Wewe shughulika na kutoa. Kuingia, itaingia yenyewe.

Ile "sss" mnayoisikia kwa mabondia wazoefu si mbwembwe. Hewa inapotoka kwa mkato kati ya meno, tumbo linakaza, kiuno na bega vinakwenda pamoja na ngumi, na ukijibiwa papo hapo, ngumi ya mwenzako inakuta tumbo gumu. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Mtu anapiga jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, na kutoa hewa yote, fuuu! Unafuata mkono wa kulia, kisha ngumi ya mbavu, na kifua ni kitupu. Ngumi za mwisho anazipiga amebana. Pumzi moja ikate vipande: ss, ss, ss, ss. Ngumi nne, na akiba ibaki. Halafu toka pembeni, na ukiwa nje ya mkono wake ndipo uvute, kwa sababu anayevuta hewa tumbo lake limelegea. Mpinzani mjanja anakitazama kifua chako. Kikipanda tu, anaingia.

Pambano likipamba moto pua peke yake haitoshi, hasa ikishavimba au kujaa damu. Tumia na mdomo, lakini meno yawe yameiuma kinga ya meno. Taya linaloning'inia huvunjika upesi.

Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alimbana Muhammad Ali kwenye kamba na kumshindilia ngumi nzito raundi baada ya raundi. Ali alijikinga kwa mikono, akaegemea kamba, akamwacha apige. Kufika raundi ya 8 Foreman alikuwa hoi, akaangushwa. Nguvu alikuwa nazo tele. Kilichokwisha ni pumzi ya kuzibeba.

Ukipigwa chembe ya moyo, kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinashikwa na mkazo na hewa inagoma kuingia. Inatisha, najua. Usipambane kuivuta. Inua mikono, sogeza miguu, toa kile kidogo kilichobaki, na kiwambo kitaachia. Ukiwa umeenda chini, baki na goti moja, msikilize mwamuzi anavyohesabu na usimame kwenye 8. Kukurupuka kwenye 3 ni kujinyima pumzi mbili au tatu nzuri.

Sasa makocha. Kati ya raundi na raundi mna sekunde 60, na bondia anatumia kadhaa kufika kwenye kona tu. Akikaa, nyamazeni kwanza! Toeni kinga ya meno, vuteni mkanda wa bukta mbele ili tumbo lipate nafasi, mikono yake ilale mapajani. Avute kwa pua mpaka tumbo lijae, atoe taratibu kwa mdomo, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana hapo ndipo moyo unapotulia. Pumzi tatu au nne za namna hiyo, ndipo umwambie neno moja. Kocha anayempigia kelele mtu anayetweta hasikiki.

Begi lile pale. Nataka mmoja wenu apige raundi moja, na sisi wengine tufumbe macho. Tusikilize pumzi tu, na kila inapokatika tupige kofi. Nani anaanza? Vaa na kinga ya meno kabisa, ndivyo utakavyopumua siku yenyewe.