Stakabadhi ya Kitabu

Mhadhara kwa walimu walezi wa maktaba za shule, Mtwara mjini

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nimepewa saa moja, na mada yangu ni kuandaa rekodi za katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, kwa vitabu vipya. Nimewaona wengine, mlipoisoma kwenye ratiba, mkahamia viti vya nyuma karibu na mlango. Siwalaumu.

Nianzie ghalani, maana hapa hakuna asiyelijua ghala. Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho chama cha msingi, gunia halisukumwi tu ndani. Linapimwa, linaangaliwa daraja, linaandikwa ni la nani, na mwenyewe anaondoka na karatasi yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia mkoani kwetu mwaka 2007 ulizua maneno mengi, na mengine hayajaisha hadi leo, lakini hata waliopinga sijamsikia mmoja akitaka korosho ziingie bila kuandikwa. Sasa twende kwenye stoo ya shule. Vitabu mia tatu vimeshushwa kwenye Canter, picha zimepigwa na mfadhili, maboksi yameingizwa, kufuli limefungwa. Nani kaandika?

Niliwahi kufanya kazi kwenye maktaba moja ambayo sitaitaja. Tulipokea maboksi kumi na mawili, nami ndiyo kwanza nimetoka chuo, kichwa kimejaa kanuni. Nikatangaza kwamba hakuna kitabu kitakachogusa rafu mpaka kipate rekodi kamili, yenye mada zake zote, maelezo yake, mfululizo wake, hadi kimo kwa sentimita. Nilikuwa namaliza vinne kwa siku, na siku nyingine viwili. Masika yakaingia. Nilipofika boksi la tisa nikakuta mchwa wamepasua njia katikati ya vitabu vya fizikia, kutoka jalada la mbele la kitabu cha juu hadi jalada la nyuma la kitabu cha chini. Hao mchwa niliwaalika mwenyewe, kwa ukamilifu wangu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa rekodi fupi inayoandikwa siku ileile boksi linapofunguliwa.

Rekodi fupi ina nini? Jina la kitabu, mwandishi, toleo, mahali kilipochapishwa na mchapishaji na mwaka, idadi ya kurasa, ISBN (ile namba ya kimataifa ya kitabu) kama ipo, mada moja au mbili, na namba ya rafu. Basi. Kabla ya hayo gonga mhuri na uandike kitabu kwenye daftari la mapokezi, kazi ambayo mnaijua na sitawachosha nayo. Mengine mtaongeza mkipata nafasi, na msipoipata hakuna mwanafunzi atakayelia kwa kukosa sentimita. Ila katika orodha hiyo kuna mambo mawili ambayo siko tayari kuyafupisha: jina la mtu na neno la mada. Saa yangu nyingi itaishia hapo.

Jina la kitabu lina jambo moja tu. Linanakiliwa kutoka ukurasa wa jina, ule wa ndani, si kutoka jaladani. Jalada ni la muuza duka. Mara nyingi limefupishwa, na nimeona vitabu ambavyo jalada linasema hivi na ukurasa wa ndani vile. Na hapa Kiswahili kimetupa nafuu ambayo wenzetu hawana. Anayeorodhesha kwa Kiingereza lazima aiambie kompyuta iruke "The" mwanzoni mwa jina, la sivyo nusu ya maktaba itapangwa kwenye herufi T. Sisi hatuna kidudu hicho. Kwenye rekodi ya MARC, ule muundo wa kuandika katalogi kwa kompyuta, pale sehemu ya 245, ya jina la kitabu, inapouliza iruke herufi ngapi, kwa kitabu cha Kiswahili mnaweka sifuri na kusonga mbele.

Toleo na chapa zinawachanganya wengi. Kitabu kikiandikwa "Chapa ya sita 1994", maana yake mitambo imerudishwa kuchapa maneno yaleyale. "Toleo la pili" maana yake mwandishi au mhariri ameyagusa maneno yenyewe. Toleo ndilo la kurekodi. Mwalimu akitaka toleo jipya kwa sababu mtaala umebadilika, usimpe kitabu kilekile chenye chapa mpya.

Sasa nitazameni mkononi. Kijitabu hiki ni cha kilimo cha korosho, kurasa 32. Hakina jina la mwandishi, hakina ISBN, hakina mwaka. Vya namna hii ndivyo vinavyokaa kwenye maboksi kuliko vyote, kwa sababu kila anayekishika anasema "hiki kisubiri". Kisisubiri. Fungua ndani usome. Ukurasa wa 19 kinamweleza mkulima namna ya kutumia stakabadhi ghalani. Nimeshasema huo mfumo ulianza kwetu lini. Kwa hiyo kwenye nafasi ya mwaka naandika, ndani ya mabano ya mraba, [si kabla ya 2007]. Hayo mabano yanamwambia msomaji kwamba kitabu hakikusema, ni mkutubi aliyekisia. Mnacheka, lakini mwanafunzi wa kidato cha sita anayelinganisha ushauri wa zamani na wa sasa kuhusu kupulizia salfa atawashukuru.

Tuje kwenye majina ya watu.

Mnamkumbuka mzee wetu wa Lupaso, Rais wa awamu ya tatu. Kwenye karatasi utamkuta kama Benjamin William Mkapa, pengine B. W. Mkapa, Benjamin Mkapa, na mitaani Ben Mkapa. Mkiandika kila kitabu kama kilivyosema chenyewe, mtu mmoja atagawanyika kuwa wanne kwenye katalogi, na anayetafuta atampata robo. Chagueni umbo moja, kwa mfano "Mkapa, Benjamin William", mlitumie kila mara, na maumbo mengine yaelekezeni huko. Daftari dogo la majina mliyokwisha kuyachagua lina thamani kuliko kompyuta mpya. Nasema kweli. Mimi langu bado ninalo, limeshonwa mara mbili.

Ugumu unakuja na "bin" na "binti". Kanuni ya kutanguliza jina la mwisho ilitungwa na watu wenye majina ya ukoo. Lakini bin si ukoo, ni kueleza mtoto wa nani. Jirani zetu wa Lindi wana mfano mzuri. Pale Tendaguru, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ukimwingiza kwenye katalogi kama "Amrani, Boheti bin" umemwingiza babake. Anaingia kama alivyo, "Boheti bin Amrani", kwenye herufi B. Mwaka 2007 wanasayansi walipompa heshima mnyama mmoja wa Tendaguru kwa jina lake, walimwita Australodocus bohetii. Waligusa jina lake yeye, wakamwacha Amrani apumzike. Sisi tusishindwe.

Padre, Sheikh, Daktari, Profesa: hizo ni heshima, si majina. Ziacheni nje, mwenye nazo hatapungukiwa.

Jambo lingine la kwetu kusini. Kwenye mgongo wa kitabu tumezoea kubandika lebo yenye namba na herufi tatu za mwandishi. Huko kwingine zinatosha. Hapa, kwa kina Chi- na kina Nam- tulivyojaa, rafu nzima itakuwa CHI, CHI, CHI, NAM, NAM. Andikeni herufi tano. Hakuna polisi wa lebo. Na kijitabu kisicho na mwandishi huchukua herufi za jina lake chenyewe, lakini jihadharini na "Kilimo cha", "Kilimo bora", "Kilimo cha kisasa". Hapo hata tano hazisaidii.

Namba za rafu tunatumia za Dewey, Mmarekani aliyezitoa mwaka 1876, aliyegawa maarifa yote mafungu kumi. Alikuwa na mizani yake. Kwenye fungu la dini, Ukristo umepewa kuanzia 220 hadi 289, na Uislamu umebanwa kwenye 297. Kwa maktaba ya Lindi au Mikindani matokeo yake ni rafu moja inayofurika na nyingine yenye nafasi za kulalia. Hatuwezi kumfufua tugombane naye. Kinachowezekana ni kutumia desimali zilizo ndani ya 297 badala ya kurundika kila kitu kwenye namba tupu.

Korosho mtaiweka wapi? Naona mkono pale: 633, mazao ya shambani. Wengi husema hivyo. Hapana, mkorosho ni mti, unaingia 634 pamoja na matunda, na kokwa zake ni 634.5. Ufuta ndio wa 633, kwenye mimea ya mafuta, 633.85. Shamba moja la Nachingwea lina vyote viwili, mkulima ni yuleyule na jembe ni lilelile, lakini rafuni wanatengana. Ndiyo maana neno la mada lina kazi ambayo namba haiwezi kuifanya.

Wale wenye Koha, programu ya kompyuta ya maktaba, wanajua raha ya kunakili. Programu hii ilizaliwa New Zealand, jina lake ni la Kimaori na maana yake ni zawadi, na kweli haiuzwi. Unaweka ISBN, inakwenda kuuliza maktaba nyingine, rekodi inakuja imeiva. Vitabu vingi vya Tanzania utavikuta hata kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa kuwa wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua vitabu vya ukanda huu. Nakilini bila haya. Lakini rekodi itakuja na mada za Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapobonyeza "hifadhi" na kwenda kunywa chai.

Msiende. Mwanafunzi wenu hatatafuta kwa maneno ya Washington. Kuna sehemu ya 653 inayopokea maneno huru. Andikeni humo: korosho, mikorosho, mabibo. Hilo la mwisho msilisahau. Anayetaka kujua namna ya kutengeneza jamu ya mabibo hatafikiria neno korosho hata siku moja, kwake ni vitu viwili, kimoja cha mnada na kimoja cha kuokota. (Na anayetafuta habari za uraka, ile pombe ya mabibo, hataki mkutubi ajue, kwa hiyo mwekeeni neno lake ajitafutie mwenyewe.)

Lugha ya kitabu nayo iandikwe. Msimbo wa Kiswahili ni swa. Kiyao kina wake, yao. Kimakonde, chenye uwanda mzima wa Newala nyuma yake, hakina wake kwenye orodha ya MARC, kinaangukia bnt, yaani lugha nyingine za Kibantu. Mkipata kitabu cha Kimakonde, ongezeni maelezo kwenye sehemu ya 546: "Maandishi ni ya Kimakonde." Mstari mmoja tu, lakini bila huo kitabu kimefichwa kwenye umati.

Nimeulizwa wakati wa chai na mwalimu wa Nanyumbu: sisi hatuna kompyuta, umeme wenyewe tunausikia. Mwalimu, nunua kaunta buku. Chora safu nane, zile nilizotaja. Mbele andika kwa mpangilio wa kupokea. Nyuma tenga kurasa kwa kila herufi ya mwandishi na kurasa nyingine kwa mada. Kadi ni nzuri zaidi kwa sababu zinapangika upya, na mgongo wa kalenda ya zamani ukikatwa vizuri unatoa kadi safi. Siku Koha ikifika, kazi itakuwa kuchapa tu, kufikiri kulishafanyika.

Naona saa yangu imekwisha, na maneno bila mikono hayafai. Kwenye kila meza kuna boksi moja, vitabu kumi kumi, vingine havina jalada, nimevichagua makusudi. Anayeshika kalamu asiwe anayesoma ukurasa wa jina, mbadilishane kila baada ya kitabu. Mwalimu wa meza ya dirishani, kisu kipo kwako? Fungua, halafu mpitishie jirani.