Nani Yuko Nyuma ya Mama Huyu?

Wazee wangu, akina mama, vijana, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nianze na maneno, maana mtaani tunayachanganya; mwenye ulemavu wa akili na mgonjwa wa akili, wote tunawaita vichaa. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili haumwi. Anajifunza polepole, na hakuna kidonge cha kuondoa hali hiyo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au asiyelala siku nne mfululizo, huyo anaumwa, na dawa zipo. Mtu mmoja anaweza pia kuwa na vyote viwili. Hapo ndipo familia zinapoumia zaidi, kwa sababu kila anachofanya tunasema "ndivyo alivyo", na ugonjwa unamla kimyakimya. Hata sisi wauguzi tumelikosea hilo mara nyingi.

Kuna mji Ubelgiji unaitwa Geel. Tangu Zama za Kati watu walipeleka wagonjwa wao wa akili kuombewa kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna. Nafasi ikawa haitoshi, majirani wakawachukua nyumbani, na wengi hawakuondoka tena. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mji ule ulikuwa na wageni zaidi ya 3,000 wa namna hiyo, wagonjwa na wenye ulemavu wa akili, wakila na wenyeji na kufanya nao kazi za shamba. Husimuliwa habari ya mgeni mmoja aliyenyonga vifungo vya shati lake kila siku mpaka vikakatika. Kila usiku mama mwenye nyumba alivishona upya. Akashauriwa atumie uzi wa kuvulia samaki, visikatike tena. Akakataa katakata. Mtu huyu, alisema, anahitaji kunyonga vifungo vyake.

Najua mnachowaza: hata sisi hatumtupi ndugu. Kweli kabisa. Lakini Geel familia inalipwa posho, muuguzi anapita nyumbani, na hali ikichafuka hospitali iko palepale mjini, inampokea mgonjwa mpaka atulie. Mama yule wa vifungo alikuwa na watu nyuma yake.

Sasa njooni huku kwetu. Niliingia nyumba moja nikamkuta kijana amefungwa mguu kwenye mwembe. Mama yake alikuwa amezungushia khanga chini ya kamba, isimchubue. Nikaitazama khanga ile kwa muda mrefu. Mama anauza mboga sokoni. Akikaa nyumbani hawali, akimwacha huru kijana anafika barabara kuu. Sindano yake ya kila mwezi alikuwa ameikosa mara mbili, maana nauli ya kumfikisha hospitali ni ya watu wawili, na daladala nyingine zinakataa kumpakia. Mama huyu anampenda mwanawe. Ningemfokea kuhusu kamba, halafu nikaenda zangu, ningekuwa nimemsaidia nini?

Sindano nitaifuata mimi, nimchome kijana palepale nyumbani; hilo niachieni. Nimezungumza na mama, ameniruhusu kuwaeleza. Asubuhi za soko ni tatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 1 mpaka saa 6. Kijana anapenda kukuna nazi, ukimpa mbuzi anatulia kabisa. Jumatatu nitakaa naye mimi. Nahitaji mtu wa Jumatano na mtu wa Ijumaa, na daftari ninalo hapa mkononi.